Modeli za Plastiki: Chapa Ipi Uagize Ukiwa Kitale au Bungoma

Watoto wetu wanaosoma huku bara wana ombi jipya kwa jamaa walioko Muscat na Dubai. Zamani ilikuwa simu au viatu vya mpira. Sasa wanataka modeli za plastiki: sanduku lenye vipande vya gari, ndege au meli, ambavyo mtoto huvikata mwenyewe kutoka kwenye fremu yake, akaviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi, mpaka kitoke chombo kamili kilichopunguzwa kwa kipimo. Ukiona 1/24 kwenye kifuniko, maana yake gari lenyewe ni refu mara 24 kuliko hilo la mezani. Ndege nyingi ni 1/72 au 1/48, vifaru 1/35.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nilisomea stashahada ya umakanika, na kazi hunipitisha Kitale na Bungoma kila mwezi, kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Katika nyumba moja ninayofikia Bungoma kuna kijana wa sekondari ambaye kaka yake aliyeko Muscat humletea sanduku moja kwa mwaka, akija likizo. Moja tu. Bei ya gari zuri la 1/24 inakaribia gunia la mahindi, na bibi yake hachoki kulitaja gunia hilo. Kijana akipewa sanduku lisiloungika, mwaka mzima umekwenda na bibi amepata hoja. Kwa hiyo swali la chapa ipi, katika nyumba ile, si swali la anasa.

Nianze na gundi, maana huku ndiyo inayoamua. Gundi ya modeli kwa hakika ni kiyeyushi. Huyeyusha kidogo kingo za plastiki, zikashikana mfano wa chuma kilichochomelewa, na humpa mtu nafasi ya kusogeza kipande kabla hakijakaza. Lakini inawaka moto upesi, ndiyo sababu hairuhusiwi kwenye mizigo ya ndege, sawa na rangi za kopo za kupuliza. Kaka akiitia begini, itabaki uwanja wa ndege. Katika maduka niliyozunguka Kitale na Bungoma sikuiona. Iliyopo kila kioski ni supagluu ya kichupa kidogo. Hiyo inashika plastiki barabara, ila inashika kwa sekunde chache: bawa likikaa upande, limekaa upande. Tena mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo vya gari. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya maseremala, ikikauka haionekani.

Basi mwenye kuunga kwa supagluu anahitaji vipande vinavyoingiana bila kulazimishwa. Hapo ndipo chapa zinapotengana.

Vipande hivi hutengenezwa kwa kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ikiwa mpya na imechongwa kwa makini, kipande hutoka safi. Ikiwa imezeeka, plastiki huvuja pembeni, matundu hayakutani na vijiti, na kijana hushinda akipiga msasa. Tatizo ni kwamba kampuni moja huweza kuuza sanduku la kalibu ya juzi na la kalibu ya miaka hamsini, vifuniko vyote viwili viking'aa. Airfix ya Uingereza na Revell ni hivyo. Zina kazi nzuri sana mpya, na zina za zamani ambazo ningemwachia fundi mzoefu. Ukiagiza kwao, uliza mwaka wa kalibu, usidanganywe na mwaka wa sanduku.

Airfix naitaja kwa heshima lakini, na watu wa Kitale wana haki ya kuipenda. Ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, na modeli yake ya kwanza, mwaka 1949, haikuwa ndege ya vita. Ilikuwa trekta, Ferguson TE20, iliyotengenezwa ili mawakala wa kampuni ya Ferguson wawe nayo wakienda kuuza matrekta. Baadaye ikauzwa ikiwa vipande, mnunuzi akaunge mwenyewe. Trans Nzoia, ambako Massey Ferguson nyekundu zinapita barabarani na matela ya mahindi, mtoto hahitaji kuelezwa trekta ni nini. Heller ya Ufaransa nayo imetoa Ferguson hiyohiyo kwa kipimo cha 1/24. Ningependa kuiona moja kwenye dirisha la darasa huko Kiminini.

Chapa ninayoipendelea mimi ni Tamiya, ya Shizuoka, Japan. Ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikatengeneza modeli za mbao, kisha ikaingia kwenye plastiki mwaka 1960. Inasimuliwa sana habari ya Porsche 911: ili kuipata sawasawa, Tamiya ilinunua gari lenyewe ikalifungua kipande kwa kipande. Kwa mtu aliyelala chini ya magari kama mimi, hiyo ni dalili ya watu wanaojua kazi. Na matokeo yanaonekana mezani. Vipande huingia mahali pake kabla ya gundi, na karatasi ya maelekezo ni ya michoro, hata asiyejua Kijapani wala Kiingereza anaifuata. Kijana wa Bungoma aliunga gari lao zima kwa supagluu na kikata kucha, na milango ilikaa sawa. Kuna nyumba zetu ambazo sanamu ya mtu haiwekwi mezani. Basi waepuke masanduku ya askari ya 1/35. Magari na meli hayana ubishi.

Jirani yake wa Shizuoka, Hasegawa, yeye ana kitu ambacho Tamiya hana kwa moyo wa Mkenya: Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kwa kipimo cha 1/24. Hasegawa ametoa pia Datsun 1600 SSS, gari la ushindi wa Herrmann wa 1970. Stika zake za kulowekwa majini zina namba na majina kama yalivyokuwa kwenye matope yetu. Vipande vyake ni vyembamba kuliko vya Tamiya na vinataka subira zaidi, kwa hiyo si sanduku la kwanza. La pili, ndiyo.

Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili, au aliye bweni ambako gundi hairuhusiwi, Bandai hana mpinzani. Roboti zake za Gundam, zinazouzwa tangu 1980, siku hizi hubanwa kwa mkono bila gundi, na plastiki yake imeshatiwa rangi. Roboti hazinivutii. Lakini sanduku hilo linapita forodhani na bwenini bila maneno.

Rangi za kupuliza zipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ila ni kali kwa plastiki hii. Ukimwaga nyingi kwa mara moja uso wa gari unayeyuka. Puliza nyembamba, ngoja, rudia. Na Kitale, mita 1,900 juu ya bahari, siku ya mvua rangi hugeuka ukungu kama chokaa. Subiri asubuhi yenye jua. Thina usiikaribishe kabisa kwenye modeli, na kazi yote ifanywe nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko.

Kijana wa Bungoma keshamaliza Tamiya mbili. Juzi kaka yake alinipigia kuniuliza alete nini mwaka huu, na nikamwambia alete ile Datsun ya 1971, asibebe gundi, na aweke risiti mbali na macho ya bibi.