Breki za Mini zinapolia: Sauti ipi ya kustahimiliwa na ipi ya kuogopwa

Mwenye gari dogo la kale huzoea sauti nyingi ambazo mwenye gari jipya hangezivumilia. Sauti ya breki, hata hivyo, humkosesha utulivu, na ana haki ya kushtuka. Tatizo ni kwamba ukubwa wa sauti si kipimo cha hatari. Debe tupu haliachi kuvuma: mlio mkali unaowafanya wapita njia wageuke mara nyingi hutokana na mtetemo usiopunguza nguvu za breki, ilhali mkwaruzo hafifu unaosikika tu dirisha likiwa wazi huweza kuwa ishara kwamba padi zimekwisha na chuma kinasaga chuma. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza si kununua vipuri wala kuinyamazisha sauti, bali kujua inatoka wapi, inatokea lini na inabadilika vipi.

Gari aina ya Mini ni mfano mwafaka wa kujifunzia uchunguzi huo. Lilibuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa nchini Uingereza mwaka wa 1959 likiwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Breki za diski zilikuja mwaka wa 1961 katika Mini Cooper, ambayo magurudumu yake ya mbele yalitiwa diski zenye kipenyo cha inchi 7. Mwaka wa 1963, Cooper S ilipewa diski za inchi 7.5, na kuanzia mwaka wa 1984 Mini zote ziliundwa zikiwa na diski za inchi 8.4 mbele, pamoja na magurudumu ya inchi 12. Nyuma zilibakia breki za ngoma hadi uundaji ulipokoma mwaka wa 2000.

Historia hiyo ina maana kubwa kwa fundi. Magari mengi ya aina hii yaliyoundwa na breki za ngoma yamebadilishwa na kutiwa diski kutoka kwa magari mengine. Padi iliyokusudiwa kalipa ya aina moja haikai sawasawa ndani ya kalipa ya aina nyingine, na padi inayocheza haikosi kulia. Kabla ya kuchunguza sauti yoyote, ni sharti ijulikane gari lina diski na kalipa za aina gani.

Jinsi breki hizi zinavyofanya kazi

Kalipa ya Mini haisogei. Imefungwa imara na kuikumbatia diski kutoka pande zote mbili, huku kila upande ukiwa na pistoni moja. Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni hizo mbili kwa nguvu sawa, nazo huzibana padi kwenye diski. Hakuna springi ya kuzivuta padi nyuma anapoachilia. Kinachorudisha pistoni ni pete ya mpira inayoizunguka: mpira huo hupinda kidogo pistoni inaposogea, kisha hujinyoosha na kuirudisha kwa unene usiozidi unywele.

Kutokana na mpangilio huo, msuguano mwepesi wa padi na diski, unaosikika gurudumu likizungushwa kwa mkono, ni jambo la kawaida. Lakini pistoni ikiota kutu au mpira ukichakaa, padi hubakia imeibana diski hata baada ya mguu kuondolewa, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

Kuainisha sauti

Mlio mwembamba kama filimbi, unaotokea breki zinapokanyagwa kwa wepesi, hutokana na padi kushika na kuteleza juu ya diski mara nyingi sana kwa sekunde, hata sehemu zote mbili zikatetemeka. Sababu zake ni padi ngumu mno au iliyong'aa kwa joto, vumbi lililokusanyika, au kukosekana kwa vile vijibati vyembamba vinavyokaa kati ya padi na pistoni. Mafundi wengi huvitupa vijibati hivyo wanapobadilisha padi, wakidhani havina kazi. Mlio unaosikika asubuhi baada ya usiku wa mvua na kutoweka baada ya kusimama mara mbili tatu ni wa kutu nyepesi tu. Katika miji ya pwani kama Mombasa, ambako hewa ina chumvi, gari lililoegeshwa kwa siku chache huweza kulia hivyo bila ubovu wowote.

Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma ni jambo jingine kabisa. Maana yake ya kwanza ni kwamba padi imekwisha na bamba lake la chuma linakula diski. Gari la namna hiyo lisiendeshwe tena hadi likaguliwe.

Msuguano unaokuja na kupotea kwa mpigo, ukienda kasi kadiri gari linavyoongeza mwendo, huonyesha kuwa diski haizunguki katika mstari ulionyooka. Ikiwa kanyagio nalo linapiga chini ya mguu, shaka hupungua. Tofauti ndogo ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita yatosha kuhisika. Si lazima diski iwe imepinda. Mara nyingi ni uchafu au kutu iliyoachwa kati ya diski na sehemu inayofungiwa.

Mgongo mmoja unaosikika breki zinapokanyagwa, na mwingine gari linaporudi nyuma na kusimamishwa, hutokana na kitu kilicholegea. Hiyo huweza kuwa padi inayocheza ndani ya kalipa, pini iliyoliwa, boliti za kalipa zilizolegea, au mipira iliyochakaa ya vyuma vinavyoshikilia gurudumu. Sauti hii huwa fupi na ndogo, lakini boliti ya kalipa iliyolegea ni hatari kuliko filimbi yoyote.

Sauti zinazosingiziwa breki

Kabla ya kulaumu diski, sauti nyingine ziondolewe katika orodha. Mvumo usiobadilika breki zinapokanyagwa, lakini unaoongezeka gari linapokata kona upande mmoja, mara nyingi ni wa beringi ya gurudumu. Sauti ya kukatika-katika, usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho na gari likiongezwa mwendo, ni ya kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele. Kijiwe kilichonaswa kati ya diski na bamba la kuzuia vumbi huweza kupiga kelele ya kutisha baada ya safari ya barabara ya changarawe, kikiondolewa kelele imekwisha.

Breki za ngoma za nyuma nazo zisisahaulike. Njia rahisi ya kuzitenga ni kutumia breki ya mkono, kwa kuwa katika gari hili huyashika magurudumu ya nyuma pekee. Katika mahali tambarare pasipo na magari mengine, gari liendeshwe polepole na breki ya mkono ivutwe taratibu. Sauti ikisikika, chanzo kiko nyuma. Isiposikika, na ikarudi kanyagio linapokanyagwa, uchunguzi uelekezwe mbele.

Kukagua gari likiwa limesimama

Baada ya mwendo mfupi wenye kusimama mara chache, mkono uletwe karibu na kila gurudumu la mbele, bila kugusa diski, ambayo huweza kuunguza. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko lenzake, breki yake haiachilii. Ikiwa gari pia huvuta upande mmoja, ushahidi umetimia.

Hatua inayofuata ni kuondoa magurudumu. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao, gari liinuliwe kwa jeki, kisha liegemezwe kwenye stendi imara. Gari linaloshikiliwa na jeki pekee halifai kufanyiwa kazi hata kwa dakika moja.

Padi zipimwe zote nne. Kitambaa cha msuguano kikibakia milimita 3 au chini ya hapo, padi zibadilishwe katika magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Lakini kipimo pekee hakitoshi, padi zilinganishwe. Ikiwa katika kalipa moja padi ya ndani imeliwa kuliko ya nje, pistoni moja imekwama. Kutia padi mpya bila kuirekebisha pistoni hiyo ni kulipia kosa lile lile mara mbili.

Diski ichunguzwe kwa macho na kwa ukucha. Mifereji mirefu, madoa ya buluu yanayoonyesha joto kupita kiasi, nyufa, au ukingo uliosimama pembezoni kama mdomo wa sahani, vyote vina maana. Ukingo huo hugusa padi mpya na kuzifanya zilie tangu siku ya kwanza. Unene wa diski ulinganishwe na kiwango cha chini kilichotajwa katika kitabu cha gari.

Gurudumu likikataa kuzunguka baada ya breki kukanyagwa na kuachiliwa, parafujo ya kutolea hewa kwenye kalipa ifunguliwe kidogo. Gurudumu likilegea papo hapo, shinikizo lilikuwa limenaswa: mpira wa breki umevimba na kuziba kwa ndani, au silinda kuu hairudishi mafuta. Ikiwa ni gurudumu moja tu lililoathirika, mpira ndio mshukiwa wa kwanza. Gurudumu lisipolegea, pistoni yenyewe imeshikwa na kutu. Baada ya jaribio hili, hewa iondolewe katika mfumo wa breki.

Tiba na makosa ya kawaida

Padi zikiwa bado nene na mlio ni wa filimbi tu, kalipa isafishwe mahali padi zinapoteleza, vijibati na pini virudishwe vikiwa vipya, na grisi maalumu ya breki inayostahimili joto ipakwe kidogo sana nyuma ya bamba la padi. Grisi isiguse kamwe uso wa padi wala wa diski. Wanaomwaga oili ili kuondoa kelele hufanikiwa kuondoa kelele na breki kwa pamoja. Oili ya injini isitiwe pia katika chombo cha mafuta ya breki, kwani huvimbisha na kuharibu mipira yote.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu. Padi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini yanayosababisha saratani, na Uingereza yenyewe ilipiga marufuku kabisa matumizi yake mwaka wa 1999. Gari la kale huenda likawa bado na masalio hayo. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, na fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa inayozuia vumbi laini.

Kazi ikikamilika, kanyagio lipigwe mara kadhaa hadi liwe gumu kabla gari halijasogezwa, la sivyo mguu utazama hadi sakafuni mara ya kwanza. Padi mpya zizoeshwe kwa kusimamisha gari kiasi, mara nyingi, zikiachwa zipoe katikati.

Mahali ambapo uzembe huonekana ni kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu. Huko pistoni iliyokwama hupasha diski moto bila kupumzika, na mafuta ya breki ya miaka mingi, yaliyokwisha kunyonya unyevu wa hewa, huchemka mapema. Mvuke hubanika kwa urahisi ambapo mafuta hayabaniki. Kanyagio hulegea na gari haliitiki. Ndiyo maana mafuta hayo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na dereva mwangalifu huteremka kwa gia ya chini badala ya kuning'inia kwenye breki.

Filimbi ya asubuhi yaweza kungoja hadi Jumamosi. Mkwaruzo wa chuma, mgongo mpya, gurudumu linalochemka au kanyagio linalolegea havingoji hata safari moja zaidi.