UZI: Bakuli la Kichina halilipi deni, wala halidai

1/ Kila mjadala wa mikopo ya China ukipamba moto, hakosi mtu wa kusema: "Hawa si wageni. Walikuja miaka 600 iliyopita, wakafanya biashara, wakaenda zao." Mwingine anamjibu: "Porojo tupu!" Na wote wawili ushahidi wao ni vyombo vilivyoko Fort Jesus. Hebu tutulie tuviangalie. Sitaji chama wala mwanasiasa.

2/ Jumamosi nilikuwa Mama Ngina, chini ya mibuyu, na mihogo yangu ya pilipili na ndimu. Meli ya makontena ikapita mbele yetu kuingia Kilindini. Wazee wawili kando yangu wakaanza ubishi huo huo. Nikasema leo lazima niandike.

3/ Tuanze na lisilo na ubishi. Kauri ya Kichina ipo pwani hii, tena nyingi. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na ikawa makumbusho 1962, ina mabakuli, sahani na vigae vyake. Gede nako, alikoanza kuchimba James Kirkman mwaka 1948, vilitoka vingi.

4/ Sasa tarehe. Safari 7 za amiri Zheng He zilikuwa kati ya 1405 na 1433. Lakini huko Shanga, kisiwa cha Pate, wachimbaji walikuta vigae vya Kichina vya karne ya 9. Yaani miaka 500 kabla ya Zheng He! Kwa hivyo ukiona bakuli, usikimbilie kusema amiri alilileta.

5/ Nani alileta basi? Wengi, kwa kupokezana. Mzigo ulitoka China hadi bandari za kusini-mashariki mwa Asia, ukaenda India na Ghuba ya Uajemi, kisha ukaja huku na majahazi ya kaskazi. Wahindi, Waajemi, Waarabu na Waswahili wenyewe wote walikuwemo.

6/ Mfano mzuri uko palepale ngomeni. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilitoka Goa kuja kuokoa ngome iliyozingirwa, ikazama hapo mbele mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980. Kumbe ndani mna kauri ya Kichina! Chombo cha Mchina, meli ya Mreno, bahari ya Mombasa.

7/ Je, wale wa "miaka 600" wanadanganya? Hapana, si kabisa. Kumbukumbu za China zinataja twiga aliyepelekwa kutoka Malindi mwaka 1415, na kwamba safari za Zheng He zilifika Malindi. Uchimbaji wa Mambrui ulioanza 2010, wa Makumbusho ya Kitaifa na Chuo Kikuu cha Peking, ulipata sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme aliyemtuma Zheng He. Lakini sarafu hupita mikono mingi. Peke yake haisemi nani aliishusha pwani.

8/ Na ile hoja ya "walikuja kwa amani"? Hapa kwetu hawakujenga ngome, hilo kweli. Ila msafara huohuo ulipigana Palembang mwaka 1407, na Ceylon mwaka 1411 ulimteka mtawala. Historia haina malaika. Tena riba ya mkopo husomwa kwenye mkataba, haisomwi kwenye bakuli.

9/ Kinachoniuma ni kuwa katika ubishi huu wote sisi hatumo. Ni Mchina alileta, Mreno alileta. Je, aliyenunua? Wazee wetu walilipa kwa pembe za ndovu, ambari na boriti. Wakachagua chombo, wakakipa maana yao: wakakipachika kwenye kaburi la mnara kule Mambrui, wakakipamba kwenye vidaka vya nyumba zao.

10/ Nyumbani kwa bibi yangu, Mji wa Kale, kidakani palikuwa na bakuli la samawati na nyeupe. Nikiwa mdogo nilimuuliza, "Bibi, hili limetoka wapi?" Akasema, "Mjukuu wangu, nililikuta kwa mamangu, naye alilikuta kwa mamake." Siku moja akaja mnunuzi wa vitu vya kale. Nyumba ilikuwa inavuja. Likaenda.

11/ Simlaumu bibi. Lakini hatukupiga picha, hatukuandika hata mstari. Huko liliko sasa ni "bakuli la Kichina" tu, halina tena Mombasa ndani yake. Ndiyo maana daftari la mchimbaji na kadi ya makumbusho ni muhimu sawa na chombo chenyewe: kilipatikana wapi, tabaka gani, pamoja na nini. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda vitu vya kale. Haiwezi kulinda hadithi ambayo hakuna aliyeiandika.

12/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani na bakuli mkononi, wa upande wowote, muulize hayo matatu. Akikosa jibu, ujue anauza siasa. Na kama kwenu kuna chombo kidakani, leo muulize mkubwa wa nyumba, uandike. Meli ziko njiani zaingia, na bibi zetu hawatungoji.