Minde: Mnyama adimu wa milimani anayetishiwa na mitego

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliye juu ya ghorofa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, huweza kukiona kilele cha Mlima Kilimanjaro kwa mbali upande wa kusini. Katika misitu ya mlima huo anaishi minde, mnyama ambaye ni watu wachache mno waliowahi kumtia machoni.

Minde ni wa jamii ya funo na hupatikana Tanzania pekee. Manyoya yake ni ya rangi ya kahawia iliyokolea, uso una rangi hafifu zaidi, na utosini ana kishungi chekundu kati ya pembe mbili fupi. Uzani wake hukadiriwa kuwa kati ya kilo 50 na 60. Mbali na Kilimanjaro, huishi katika Milima ya Udzungwa na Rubeho, na pia Mlima Rungwe.

Wanasayansi walimtambua rasmi mwaka wa 1890. Jina lake la Kiingereza ni kumbukumbu ya William Louis Abbott, Mmarekani aliyekusanya wanyama Kilimanjaro. Hata hivyo, picha ya kwanza ya minde akiwa mwituni ilipatikana mwaka wa 2003, zaidi ya karne moja baadaye. Sababu ni kuwa hutembea hasa usiku, tena katika vichaka vizito. Mengi yanayofahamika kumhusu yametokana na kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, na uchunguzi wa kinyesi chake.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemworodhesha miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka, na idadi yake imekadiriwa kuwa takriban 1,500. Wawindaji hutega nyaya wakitafuta nyama, na mtego hauchagui mnyama wa kawaida na aliye adimu. Ukataji wa misitu nao umewatenga minde katika vipande vya msitu vilivyo mbalimbali, hivyo wanaouawa mahali pamoja ni vigumu kufidiwa na wa kwingine.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka wa 1992, na mwaka wa 2005 msitu wa Kilimanjaro uliunganishwa na hifadhi ya mlima huo. Lakini mpaka wa hifadhi peke yake hauondoi waya uliotegwa. Ni doria za askari wa wanyamapori, wakishirikiana na vijiji vilivyo kando ya msitu, zitakazomnusuru minde.