Safari Rally: Historia Fupi ya Mbio Zetu

Kabla ya Safari kulikuwa na Langa Langa, uwanja wa mbio katika Bonde la Ufa ambako wapenzi wa magari walishindana kwa kuzunguka njia ileile mpaka mizunguko iishe. Mmoja wao, Neil Vincent, alimsihi binamu yake, Eric Cecil, aje kushindana huko. Cecil akakataa katakata, kwani hakuona raha ya kuzunguka pahali pamoja. Lakini akaongeza sharti: atakayeandaa mbio ambazo watu wataingia garini, wabamize milango, wakate nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika nyumbani awe ndiye mshindi, basi yeye atakuwamo. Safari yote ilitokana na jibu hilo la binamu kwa binamu.

Nafasi ilipatikana mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipokuwa akitawazwa. Mbio zikapewa jina la East African Coronation Safari, na kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni magari yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waasisi walikuwa na busara ambayo naiheshimu mpaka leo. Waliamua kwamba gari liwe la kawaida, kama lilivyotoka dukani, na madaraja yapangwe kwa bei. Mwenye kigari cha bei nafuu alishindana na wenye vya bei hiyo, na karani wa ofisi aliweza kushinda daraja lake sawasawa na mwenye shamba. Mwaka ule hapakutangazwa mshindi mmoja wa wote, ila waliopoteza dakika chache kuliko wengine ni Alan Dix na Johnny Larsen, nao walikuwa ndani ya Volkswagen ya kawaida kabisa.

Utaratibu ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kuutimiza. Kila kituo kilikuwa na saa yake, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kwenye kadi. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na basi la abiria, lori, punda, kundi la ng'ombe, na usiku akakutana na twiga. Baadaye mbio zikahamishiwa Pasaka, majira ya masika, na hapo ndipo udongo mweusi ulipojulikana ulimwenguni. Asubuhi unapasua vumbi, jioni barabara hiyohiyo imekuwa mto. Ndiyo maana magari ya Safari yalivaa vyuma vizito mbele na taa kubwa, na kamba na koleo havikukosekana kwenye buti. Na hapa niseme jambo ambalo vitabu vya matokeo haviliandiki: magari mengi yalifika Nairobi kwa sababu wanakijiji waliingia topeni na kuyasukuma. Hao hawajawahi kupewa kikombe, nao ni washindi wetu.

Vic Preston na mwelekezi wake D. P. Marwaha walishinda 1954 kwa Volkswagen, wakarudia 1955 kwa Ford Zephyr. Kisha 1956 ikawa zamu ya Eric Cecil mwenyewe, pamoja na Tony Vickers, ndani ya DKW. Mtu aliyesema atakuwamo alikuwamo kweli, na akashinda. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari.

Ukitaka kujua ugumu wa Safari, soma matokeo ya 1963. Kati ya magari yote yaliyoondoka, 7 tu yalimaliza. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7, na miaka yote miwili walioongoza ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo Tanzania nayo ilipata fahari yake, pale Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell waliposhinda 1966 na 1967 mfululizo.

Kuhusu Joginder Singh ningeweza kujaza gazeti zima. Mzaliwa wa Kericho, fundi aliyefunzwa kazi katika gereji ya baba yake, alishinda 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19. Watu walimwita Simba, na watoto walioendesha vigari vya waya kwenye vichochoro kila mmoja alitaka kuwa yeye.

Wageni walikuja na makampuni yao makubwa, wakarudi mikono mitupu kwa karibu miaka 20, hadi Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda 1972 kwa Ford Escort. Mwaka uliofuata mbio zikaingia kwenye Ubingwa wa Dunia, na kikombe kikarudi kwa mwenyeji, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyelingana alama na Harry Källström lakini akapewa ushindi. Mehta akashinda tena mara nne, 1979 hadi 1982, na kufanya mara tano.

Mapema miaka ya 1970 mambo ya ujirani kati ya Kenya, Uganda na Tanzania yalibadilika, na kuanzia 1974 njia ikabaki ndani ya Kenya. Tuliyakubali.

Washindi wengine ni wengi: Björn Waldegård mara nne, Juha Kankkunen mara tatu, Ian Duncan wetu 1994, Colin McRae 1997, 1999 na 2002. Baada ya hapo, kwa sababu za fedha na maandalizi, tuliondoka kwenye kalenda ya dunia. Mbio za ubingwa wa Afrika ziliendelea. Safari ikarejea duniani Juni 2021, makao yakiwa Naivasha, na washindi wakawa Ogier 2021, Rovanperä 2022, Ogier 2023, Rovanperä 2024, Evans 2025. Hatua za mbio za Kedong, Soysambu na Sleeping Warrior sasa ni majina yanayotamkwa Ulaya na Japani, na vumbi la fesh-fesh, laini kama unga, limewazimia injini mabingwa.

Wazee waliosimamia vituo wanatutoka. Aliye na kadi ya muda, picha au ramani ya njia za zamani, kutoka Kampala, Tanga, Dar es Salaam au Meru, asiitupe. Aiandikie tarehe na majina ya waliomo, aikabidhi kwa chama cha magari cha nchi yake.