Dala na Benzi

Miji miwili mikubwa ya Afrika Mashariki imeyapa magari yake ya abiria majina ya hela. Nairobi ina matatu, kutokana na mapeni matatu ya senti kumi kumi yaliyokuwa nauli yake. Dar es Salaam ina daladala, kutokana na dala, sarafu ya shilingi tano ambayo makonda wa miaka ya themanini waliinadi mlangoni kwa sauti. Hakuna kamati iliyokaa kuchagua majina hayo. Yalitoka kwa watu ambao hesabu yao ya kwanza kila asubuhi ilikuwa moja: nauli ninayo au sina?

Siku hizi swali limegeuka. Kijana wa Dar akishapata kazi ya mshahara, ndugu na majirani huanza kumuuliza gari atanunua lini, kwa sauti ileile wanayomuulizia ndoa. Inachukuliwa kwamba mji mkubwa hauendeki bila gari la mtu mwenyewe. Historia ya mji huu inasimulia vingine.

Dar es Salaam ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, iligawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Katikati uliachwa uwazi wa Mnazi Mmoja, ili Waafrika wa Kariakoo wakae mbali kidogo na wengine. Ulikuwa mpango wa kibaguzi, sina haja ya kuupamba. Lakini kwa vipimo vyake ulikuwa mji wa miguu. Kuli wa Kariakoo alifika bandarini akitembea, na karani vilevile, pengine kwa baiskeli. Waliohitaji gari ni wale waliopelekwa kuishi Oysterbay, kwenye upepo wa bahari, viwanja vipana na nyumba zilizoachana. Mtaa ule ulichorwa kana kwamba kila mwenye nyumba ana gari. Kwa hiyo, katika mji huu, gari lilianza kuwa la lazima kwa wachache waliochagua kukaa mbali na kila kitu, kisha barabara zikawafuata.

Baada ya Uhuru nyumba zilezile zikapata wakubwa wapya. Watu wakawapa jina: wabenzi, kabila jipya lisilo na kijiji wala mila, ila gari la Kijerumani lenye nyota mbele. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Gari halikutajwa. Hata hivyo mtaani kiongozi alipimwa kwa gari kabla ya hisa, kwa sababu hisa hazionekani barabarani. Mwalimu Nyerere alilijua hilo, nadhani. Mwaka huohuo alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio. Picha ya rais anayetembea ilisema jambo ambalo hotuba isingeweza.

Lakini kutembea kwa rais hakukuwaletea watu wa Dar basi. Hapo ndipo kisa kinapouma.

Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, na likakabidhiwa mji mzima. Wazo lilikuwa zuri: basi la umma, nauli ya chini, mtu wa Temeke na wa Kinondoni wapande kwa bei anayoimudu. Kwa kipindi fulani walipanda kweli. Tatizo ni kwamba nauli ilipangwa na serikali, mafuta yalinunuliwa kwa fedha za kigeni, na vipuri pia. Bei ya mafuta ilikwishapanda vibaya baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, kisha ikaja vita ya Kagera. Basi lililoharibika gia lilikaa gereji likisubiri kifaa ambacho benki haikuwa na dola za kukinunulia. Na mji nao haukusubiri. Sensa ya 1967 ilikuta mkoani watu chini ya laki nne. Iliyofuata, ya 1978, ilikuta zaidi ya laki nane. Foleni ya kwanza kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa ya watu, kwenye kituo cha basi.

Hata wenye magari walibanwa. Ilifika wakati kuendesha gari binafsi Jumapili alasiri kulipigwa marufuku, ili kubana mafuta. Kwa saa chache za wiki, mwenye gari na asiye nalo walikuwa sawa barabarani.

Mwaka 1983 serikali ilikubali yaishe, ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Yakaja magari ya mizigo yaliyofungwa mabenchi, abiria wakakaa wakitazamana kama walio mgahawani, ndiyo maana yakaitwa chai maharage. Yalikuwa ya hatari na hayakuwa na heshima yoyote, lakini yalikwenda. Kisha vikaja vipanya, kugombania mlango, kupitia dirishani, na mwanafunzi kusukumwa nje kwa sababu nauli yake ni ndogo. Ninaamini hapa ndipo gari la mtu lilipogeuka kutoka anasa na kuwa ndoto ya kawaida. Umbali wa kufika kazini haukuwa sababu kubwa. Watu walichoka kudhalilishwa.

Na milango ilikuwa inafunguliwa. Kuanzia 1984 aliyekuwa na fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza bidhaa, na enzi ya Mzee Ruksa ikaendeleza uhuru huo. Japani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto, hivyo gari lililotumika kule lilishuka bandarini likiwa na usukani mahali pake. Mwalimu, nesi, karani wa benki, mmoja mmoja wakaingia kwenye Vitz na IST za mkopo. Siwalaumu. Anayetoka kazini saa nne usiku, au mwenye mtoto anayechemka homa saa nane za usiku, hana muda wa kusikiliza historia ya UDA.

Matokeo tunayaona Ubungo, Tazara, Mwenge: kila aliyekimbia msongamano wa daladala amekuja kuwa msongamano wa barabara. Dawa iliyochaguliwa ni barabara pana zaidi. Ili kuipanua Barabara ya Morogoro, mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara kwenda Kiluvya zilibomolewa, na wengi waliozipoteza hawakuwahi kumiliki gari.

Katikati ya yote hayo, Mei 2016, lilianza kitu tofauti. Mwendokasi, njia yake peke yake kutoka Kimara hadi Kivukoni. Basi lilipita Magomeni likiwaacha wenye magari ya vioo vyeusi wamekaa palepale. Kwa miezi michache watu wenye magari waliyaacha nyumbani, na walilisema hilo hadharani bila aibu. Kisha yakarudi tuliyoyajua: mabasi machache, mafuriko ya Jangwani kwenye karakana, abiria wa Kimara kujazana kituoni alfajiri wakitazama njia tupu. Wale waliokuwa wameacha magari wakarudi kuyachukua.

Njia ya Mbagala ilijengwa baadaye, zege safi, vituo vyenye paa. Ilikamilika kabla mabasi yake hayajafika. Kwa muda mrefu ilikaa hivyo, pana na nyeupe katikati ya barabara, na pembeni yake daladala zikijikokota kuelekea Rangi Tatu, konda akining'inia mlangoni, akigongagonga bodi na kuita nauli.