Shamba Nalo Lina Historia

Tunapofundisha historia huanza na watu: nani alitawala, nani alipigana, nani alihamia wapi. Mara chache tunaiuliza ardhi yenyewe. Hapa Ihanda, ambako kahawa, mahindi na maharage ndivyo vilivyotusomeshea watoto, kila mtu anajua shamba lake alilirithi kwa nani. Lililishwa nini kabla yake, hilo hajui. Katika kurasa hizi nataka kuonyesha kwamba kutojua huko kuna gharama.

Tuanze na DDT. Mwaka 1939 Mswisi Paul Müller aligundua kuwa kemikali hiyo huua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Ilisifiwa kwa sababu ilikuwa rahisi na ilidumu. Sisi wenye umri huu tunaukumbuka unga ule ukitiwa kwenye mahindi kuzuia funza wa mabua. Baadaye sifa ya kudumu iligeuka shtaka. DDT haiyeyuki vizuri katika maji. Hushikamana na mfinyanzi na mboji, na ikivunjika hutoa DDE, ambayo nayo hukaa miaka mingi. Mimea ya jamii ya maboga huweza kuifyonza kwa mizizi. Marekani iliizuia katika kilimo mwaka 1972, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliibakizia kazi ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria.

Kahawa nayo ina habari yake. Ugonjwa wa chulebuni ulionekana Kenya mwaka 1922, ukafika Tanzania mwaka 1964. Kinga yake, pamoja na ya kutu ya majani, ilikuwa dawa za shaba, ndugu za ule mrututu uliochanganywa na chokaa na wakulima wa zabibu wa Ufaransa tangu miaka ya 1880. Tulipuliza msimu baada ya msimu, mvua ikaosha majani, shaba ikashuka shinani. Huko haiozi, kwa kuwa ni madini. Hujilimbikiza katika udongo wa juu, palepale penye mizizi midogo inayolisha mti na nyungunyungu wanaolainisha ardhi. Ikizidi, hasa katika udongo wenye tindikali, mizizi hudumaa na majani huwa manjano. Mkulima hudhani ni ugonjwa, akaongeza dawa! Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, yenye kituo Mbimba hapa Mbozi, imetoa miche inayostahimili chulebuni na kutu. Hiyo hupunguza kupuliza, lakini haiondoi kilichokwisha kushuka.

Magonjwa halisi ya mizizi pia hutoka zamani. Babu alikata mti wa msituni akaacha kisiki. Kuvu aitwaye amilaria huweza kuishi katika mizizi ile miaka mingi, mpaka mzizi wa mbuni au wa chai uiguse. Mti hunyauka, ukibandua gome shinani unakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Dawa ya kupuliza majani haimfikii. Dawa yake ni jembe: kung'oa, kuchoma, na kupaacha pale wazi kwa muda. Maharage yakirudiwa mahali pamoja kila msimu, kuvu wa fuzari hujiwekea akiba ardhini, na mizizi huoza.

Basi sumu na maradhi vinafanana kwa jambo moja: hubaki ardhini baada ya aliyeviacha kuondoka.

Mfano mkubwa uko Vikuge, Kibaha. Mwaka 1986 shamba la serikali pale lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimekwisha muda. Ghala likaporomoka. Mahali hapo palisafishwa, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta udongo wa juu wenye DDT hadi asilimia 28, mabaki yake yakifika kina cha sentimita 50, na sumu katika maji ya kisima.

Vikuge inajulikana kwa sababu iliandikwa. Je, vibanda vidogo vya dawa vya vijijini viliandikwa wapi? Kila mwalimu mkuu alikuwa na kitabu cha kumbukumbu za shule. Aliyemrithi alikisoma akajua alichokabidhiwa. Shamba linastahili daftari kama hilo: dawa zilihifadhiwa wapi, mabomba yalioshewa wapi, kisiki gani kiliachwa, maharage yalioza upande upi. Mtu asichimbe kisima wala asioteshe miche kabla ya kulisoma.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walioshika mabomba yale leo wana miaka 70, 80 na zaidi, na kila mwaka tunawazika baadhi yao. Vijana, waulizeni sasa, mwandike.