Kutoka Kiwanjani hadi Mjini: Miaka 150 ya Kufika Masasi na Newala

Chombo kimoja cha angani kilichofungiwa safari ya kuja Uwanda wa Makonde hakikufika. Kilikuwa puto kubwa la Wajerumani lenye injini, jina lake L59, lililopaa kutoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 likiwa na tani 15 hivi za risasi, bunduki za rashasha na dawa kwa ajili ya jeshi la Wajerumani lililokuwa likipigana huku chini ya Paul von Lettow-Vorbeck katika Vita Kuu ya Kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 23, likiwa limeshapita jangwa na kufika magharibi ya Khartoum, lilipokea amri kwa redio lirudi. Amri ile ilieleza kwamba adui ameshatwaa sehemu kubwa ya Uwanda wa Makonde, na kwamba Kitangari imo mikononi mwake. Kitangari, kijiji ambacho kila mtu wa Newala anakijua, kilitajwa hewani juu ya Sudan ili kuligeuza puto lililokwisha kusafiri maelfu ya kilomita. L59 ilitua Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 na takriban kilomita 6,800. Siku hiyohiyo von Lettow alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Mpango wa safari ile unafundisha kuliko ile safari yenyewe. Puto halikukusudiwa kurudi kwao, kwa kuwa huku hapakuwa na gesi ya kulijaza tena. Lilikuwa livunjwevunjwe papa hapa: kitambaa chake kishonwe mahema na nguo, vyuma vyake vijengewe mnara wa redio. Na ile mizigo? Ingebebwa na wapagazi, kama mizigo yote ya vita vile, vita vilivyoua wapagazi kwa makumi ya maelfu. Wahandisi walikuwa wamepiga hesabu ya anga lote la Afrika, lakini hatua za mwisho walimwachia mtu mwenye mzigo kichwani.

Tangu hapo, na hata kabla ya hapo, historia ya kufika Masasi na Newala ni historia ya hizo hatua za mwisho. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyetuachia sarufi na tafsiri za Kiswahili, alitoka Unguja kwa chombo hadi Lindi akiwa na kundi la watumwa waliokombolewa. Bahari ilikuwa sehemu nyepesi ya safari. Kutoka Lindi walitembea mpaka kwenye milima ya mawe ya Masasi, wakaanzisha kijiji na misheni. Newala ilifuata mwaka 1878, na kuifikia ilibidi kuupanda ule ukingo wa uwanda ambao leo wageni hupelekwa Shimo la Mungu kuutazama. Mwaka 1906, vumbi la Vita vya Maji Maji likiwa halijatulia, mtaalamu wa mila Karl Weule kutoka Leipzig alipita njia hizohizo na santuri zake za kurekodia nyimbo. Vyombo vyake vilipanda Newala juu ya vichwa vya wapagazi, na kazi yao ndiyo iliyoiwezesha yake.

Kwenye miaka ya 1930 anga lilianza kusogea karibu. Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways, zikisafiri kati ya Uingereza na Durban, zilikuwa zikitua kwenye maji ya Lindi. Barua iliyotoka Southampton iliweza kufika Lindi kwa siku chache tu, kisha ikaanza safari nyingine ya kwenda bara kwa lori na kwa miguu, na masika yakishika njia hapakuwa na wa kusema itafika lini. Daktari Leader Stirling, aliyekuja hospitali ya misheni ya Lulindi mwaka 1935 na miaka 40 baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania, alifanya kazi katika nchi ambayo mgonjwa alibebwa kitandani, mabegani mwa ndugu zake.

Kisha ukaja Mradi wa Karanga. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilimwaga fedha Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea, jirani wa Masasi, ikapata kiwanja cha ndege, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946, likaleta ndege huko. Mtwara ikajengewa bandari ya kina kirefu, na reli ikatandikwa kutoka pwani kuingia bara. Kwa muda mfupi nchi ya kusini ilikuwa na mnyororo kamili: meli, garimoshi, ndege, na gari la kumpokea anayeshuka. Mradi ulitelekezwa mwaka 1951, na mapema miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Kilichosalia ni bandari na viwanja. Mimi naona huo ndio mzizi wa hali tuliyonayo: tulirithi mahali pa kutua, hatukurithi cha kutupokea.

Pengo hilo lilizibwa na misheni na hospitali. Mwaka 1957 madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka, ambayo leo tunaiita AMREF, na desturi ya viwanja vya nyasi ikaenea Afrika Mashariki yote. Rubani hakuwa na simu. Alishuka chini, akazunguka juu ya paa la hospitali mara moja au mbili, akaelekea kiwanjani. Waliosikia mngurumo walijua la kufanya: dereva aliwasha Land Rover, vijana wakatangulia kufukuza mbuzi, gari likapita urefu wote wa kiwanja kuangalia mashimo, kisha likasubiri pembeni. Mpango ule haukuwa na ofisi wala bango. Ulisimama juu ya watu waliojua kwamba anayetua ni mgeni wao, na sijaona bado mpango wa kisasa uliouzidi.

Miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji iliuharibu mlio ule. Nachingwea ilikuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na kwa wanavijiji wa mpakani mngurumo wa ndege ukawa sababu ya kukimbilia porini.

Amani ilipokuja, barabara ikaipita ndege. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji mwaka 2003, Daraja la Umoja likavuka Ruvuma mwaka 2010, na lami ikaingia Masasi. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam, iliyokuwa ya siku kadhaa masika yakikolea, sasa ni ya siku moja. Ndege za abiria hutua Mtwara, na msafiri humalizia kwa basi au gari dogo aina ya Noah. Viwanja vya Masasi na Newala vimebakia vya ndege ndogo za kukodi na za binafsi: kiongozi wa serikali, daktari, mnunuzi aliyefuata minada ya korosho, helikopta za msimu wa kampeni.

Hebu tumfikirie rubani wa ndege ya viti vinne anayetoka Dar es Salaam. Kwa anga, Masasi ni kama kilomita 430. Amepata ruhusa zake na amejaza mafuta ya kwenda na ya kurudi. Anatua salama, anazima injini. Basi. Anahitaji mambo matatu: mtu wa kuilinda ndege usiku isichezewe na watoto wala kusukumwa na upepo, chombo cha kumfikisha mjini, na uhakika kwamba kesho alfajiri chombo hicho kitarudi kumchukua. Bodaboda zipo, bajaji zipo, na vijana wake ni wepesi kuliko teksi yoyote. Lakini dereva hajui kwamba ndege imetua mpaka aisikie, na mgeni hana namba ya kupiga. Matokeo yake ni bei ya kubahatisha, na mgeni mwenye abiria wawili na mizigo akigawanywa juu ya pikipiki tatu.

Marekani, yenye maelfu ya viwanja vidogo, ilitatua hili kwa njia rahisi. Viwanja vingi vya miji midogo vina gari kuukuu la wageni. Rubani anachukua ufunguo, anakwenda mjini kula, anaongeza mafuta kidogo, anarudisha gari. Mji unafaidika kwa sahani ya chakula na chumba cha kulala. Karibu zaidi na sisi, kiwanja cha Lamu kiko kisiwa cha Manda, mgeni hawezi kufika mjini bila kuvuka maji, na bado hakwami, maana mabaharia wanajua saa za ndege na wanangoja gatini. Lamu haikusubiri daraja wala mwekezaji. Ilipanga watu wake.

Masasi na Newala zinaweza kufanya hivyohivyo kwa gharama ndogo sana. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania inasimamia viwanja zaidi ya 50, vingi vikiwa vya aina hii, na haiwezi kutazamiwa kuweka basi kila mahali. Halmashauri inaweza. Iandikishe madereva wachache wa bajaji na Noah, ikubaliane nao nauli ya kiwanjani, iandike namba zao kwenye ubao ulio imara ukingoni mwa kiwanja na kuzipeleka kwa kampuni za ndege za kukodi Dar es Salaam. Imlipe mlinzi mmoja wa usiku. Ukumbusho wa wapagazi wa Newala na madereva wa Land Rover za misheni unadai angalau hilo. Madiwani wa Masasi na Newala, hili liko ndani ya uwezo wenu, na msimu wa korosho unaokuja usipite kabla ubao huo haujasimama.